Barua ya wazi kwa wenye supamaketi za Nairobi: kabla ya kutuita wezi, rekebisheni lebo za bei

Kwa: Wakurugenzi na mameneja wa supamaketi za Nairobi
Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya

KUH: TANGAZO LA MLANGONI KUHUSU HILA ZA WATEJA

Waheshimiwa,

Salamu kutoka mtaa wa Umoja. Nawaandikia kuhusu tangazo lililobandikwa majuzi mlangoni mwa tawi moja huku Eastlands. Tawi lenyewe silitaji, maana fikra iliyoandika tangazo hilo iko katika maduka yenu mengi, hata pale ambapo karatasi haijabandikwa. Kwa ufupi linasema: mteja atakayebadilisha stika ya bei, atakayeongeza bidhaa baada ya kupimiwa, atakayeficha bidhaa ili aje ainunue ikishushwa bei, atakayepekua mikate, au atakayenunua ofa ili akauze tena, atachukuliwa hatua. Hatua gani, halisemi. Chini kabisa kuna picha ya kamera.

Sina ugomvi na kamera. Ninalolipinga ni kuchukua mambo matano yasiyolingana na kuyaita yote wizi. Mawili kati ya hayo ni wizi kweli. Moja ni utovu wa adabu. Mawili yaliyobaki ni kununua tu, na namna hiyo ya kununua tumefundishwa na nyinyi wenyewe, kila wiki, kwa vipeperushi vya rangi nyekundu na njano mnavyotugawia kwenye steji za matatu.

Mjue pia mnaongea na nani. Nilikaa kwenye tili ya supamaketi mjini kabla ya kufungua duka langu la mtaani, na leo nauza unga, sukari, mikate na mafuta ya kupima. Hila za wateja nimeziona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha keshia, na sasa naziona nikiwa nasimamia pesa zangu mwenyewe. Hila za maduka nazo nazijua.

Tuanze na wizi tumalizane nao. Mtu akipimiwa nyanya kilo moja, akabandikiwa stika, kisha akajitenga pembeni akaongeza tatu na kukaza fundo la mfuko, ameiba nyanya tatu. Anayebandua stika ya nyama ya kusaga na kuibandika kwenye steki hana utetezi, hata kama ni mwezi wa Njaanuari na karo ya shule inamsubiri. Nimewasikia watu, wengine ni wale wanaokaa viti vya mbele kanisani, wakisema supamaketi ni tajiri, haitaumia. Ni kweli supamaketi haiumii. Anayeumia nitamtaja baadaye, na ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Kuficha ni jambo lingine. Kuna wateja wanaojua kabisa kwamba maziwa lala na yogati zinazokaribia tarehe hubandikwa stika ya bei nafuu jioni. Basi mchana wanapitia, wanachagua zao, wanazificha mahali, na saa moja usiku wanarudi kuzichukua. Nilipokuwa kazini nimewahi kukuta pakiti za maziwa lala nyuma ya nepi, zimefura kwa joto, mwenyewe hakurudi. Hayo maziwa hayakumfaidi yeye, wala mwenzake aliyekuja jioni akitafuta cha bei nafuu, wala duka. Tabia hiyo siitetei. Lakini kumfungulia mtu mashtaka kwa pakiti ambayo haijatoka mlangoni ni kupoteza muda wa polisi. Mlinzi akimwambia mbele ya watu, "Mama, rudisha maziwa kwenye friji," mteja huyo atakuwa amepata adhabu yake yote.

Sasa mikate. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mmekosea zaidi.

Kila mkate umechapishwa tarehe ya mwisho. Kijana anayepanga rafu ameagizwa kuweka mbele mikate ya zamani na kuingiza mipya nyuma, wa kwanza kuingia awe wa kwanza kutoka. Ni mpango mzuri wa biashara, hata mimi naufuata. Mteja naye anapoingiza mkono hadi nyuma, akavuta wa mwisho, akageuza karatasi na kusoma tarehe, anafanya nini? Anasoma maelezo yaliyochapishwa ili yasomwe. Mikate miwili ya gramu 400, mmoja umebakisha siku moja na mwingine siku nne, ni bidhaa mbili tofauti zinazouzwa bei moja. Aliye na familia ya watu sita atachukua ule wa mbele bila kufikiri, maana utaisha kwenye chai ya leo. Anayeishi peke yake kwenye bedsita, chumba kimoja cha kupanga, mtaani Pipeline anahitaji ule wa nyuma, la sivyo nusu yake ataitupa ikiwa na ukungu. Kama mnataka wa mbele uende kwanza, shusheni bei yake. Dukani kwangu mkate wa siku ya mwisho naupunguza shilingi kumi, na sijawahi kufunga duka jioni ukiwa umebaki. Sikuhitaji tangazo wala kamera.

(Anayebonyeza mkate kwa kidole gumba kupima ulaini kisha akauacha na tundu, huyo mkemeeni. Na anayebonyeza parachichi pia.)

Kuhusu kabichi, ambayo tangazo limeisahau, niseme tu kwamba mmejitakia. Kwenye masoko ya Marikiti na Muthurwa kabichi huuzwa kwa kichwa, hivyo hakuna mtu anayehangaika na majani ya nje. Nyinyi mkaamua kuuza kwa uzani. Mteja akaona analipia majani yaliyonyauka na yenye mashimo ya wadudu, akaanza kuyamenya kabla ya kupeleka kwenye mizani. Anayetoa jani lililooza ana haki. Anayemenya hadi kabichi inabaki nyeupe kama yai amezidisha. Menyeni nyinyi asubuhi kabla ya kuipanga, na ubishi utaisha.

Na wanaonunua ofa wakauze tena? Hili linanihusu moja kwa moja. Kuna wiki ambazo unga wenu wa ofa ni rahisi kuliko bei ninayopewa na holseli. Belo, yaani furushi la unga, ina pakiti 12 za kilo mbili. Nikinunua kwenu, nikalipa bei mliyoandika, nikapewa risiti na soja akaichora kwa kalamu pale mlangoni, nimeiba nini? Unga huo unafika kwa jirani ambaye hana nauli ya kuja kwenu, tena ananunua kwa kadogo, kwa sababu mshahara wake ni wa kila siku. Ofa zenu nyingi zinampita kando mtu kama huyo. "Nunua tatu, lipia mbili" ni ya mwenye pesa ya kulipia mbili. Anayenunua mafuta ya shilingi ishirini kila jioni hulipa zaidi kwa kila lita kuliko anayebeba mtungi wa lita tano kwenye buti ya gari, na hakuna kipeperushi kinachomjali.

Nakubali kwamba mfanyabiashara akimaliza rafu saa mbili asubuhi, mama anayetoka kazini jioni hapati kitu. Wekeni kikomo basi. Ila kiandikwe kwenye kipeperushi chenyewe, kwa herufi zinazosomeka, kabla mtu hajapanda matatu. Kikomo kinachotangazwa na keshia wakati bidhaa zimeshafika kwenye kaunta ni mtego. Pia mkumbuke kwamba kikomo kimoja hakimfai kila mtu. Mwaka 2017, serikali ilipoingiza unga wa ruzuku wa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili, maduka yalianza kumgawia kila mteja pakiti chache tu. Watu wakaja na watoto wao, kila mtoto na pakiti yake mkononi, kila mmoja kwenye foleni yake. Wapo waliokasirika wakaita ujanja. Mimi sikuona ujanja wowote. Nyumba ya watu wanane hula ugali wa watu wanane, na hao watoto walikuwa walaji halali.

Sasa tugeuze upande.

Mteja amechukua mafuta ya kula ya lita tatu. Lebo ya kwenye rafu inasema 849. Anafika kwenye tili, mashine inalia, skrini inaonyesha 935. Kama yuko macho, anauliza, "Dada, si kule nyuma mmeandika 849?" Keshia hana uwezo wa kubadilisha bei. Anabonyeza kengele, anamsubiri supavaiza mwenye kadi ya kufungulia mashine. Supavaiza anamtuma kijana wa kufunga bidhaa akaangalie rafu. Foleni imefika kwenye friji za soda. Mzee aliye nyuma anasonya. Kijana anarudi na jibu ambalo yeyote aliyefanya kazi huko amelikariri: "Ofa iliisha jana, lebo haijatolewa." Mwenye mafuta anatazamwa na watu kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa na kitu chini ya koti. Wengi hapo husema "wacha tu", wakalipa 935, au wakaiacha chupa pale kwenye kaunta na kuondoka wameinamisha kichwa.

Huyo ni aliyeangalia. Mwenye troli iliyojaa hawezi kukariri bei za vitu arobaini, na nyinyi mnalijua hilo.

Pigeni hesabu. Tofauti ni shilingi 86. Mteja akihamisha stika ili alipe shilingi 86 pungufu, ni wizi, kuna kamera, kuna chumba kidogo cha walinzi nyuma ya stoo. Lebo yenu ikimfanya alipe shilingi 86 zaidi, ni kijana kachelewa.

Najua hitilafu hii inavyotokea. Bei hubadilishwa kwenye mfumo makao makuu, usiku. Lebo za karatasi huchapishwa tawini asubuhi, na mwenye kuzibandika ni mtu mmoja au wawili wenye rafu mamia. Sisemi mnakusudia. Ila nilipokuwa kwenye tili niliona mtindo mmoja: ofa inapoanza, lebo nyekundu hubandikwa mapema sana, hata kabla duka halijafunguliwa. Ofa inapoisha, hakuna mwenye haraka ya kuibandua. Kosa la namna hiyo huegemea upande mmoja, na upande huo si wa mteja.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na bidhaa anayonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei. Lebo ya 849 kwenye kitu cha 935 ni maelezo gani, kama si ya kupotosha?

Kuna na ile shilingi moja. Mnaandika 199, 499, 999, kisha chenji ya shilingi moja haipo. Zamani tulipewa peremende. Siku hizi wengine hawatoi hata peremende, keshia anakutazama tu mpaka uone haya kuidai. Sarafu hiyo bado ni pesa halali. Benki Kuu iliitoa upya kwa muundo mpya Desemba 2018. Kama hamna sarafu za kurudisha, andikeni 200. Anayelipa kwa M-Pesa hulipa 199 kamili, kwa hiyo shilingi hiyo hutozwa tu wenye noti, nao mara nyingi ndio wenye kidogo.

Na pakiti kubwa. Tumezoea kuamini kwamba kubwa ni nafuu, lakini chukueni kalkuleta mpite kwenye rafu za sabuni ya unga. Mara kwa mara mtakuta pakiti ya kilo moja imezidi bei ya pakiti mbili za nusu kilo. Mteja anayesimama pale na simu akigawanya bei kwa gramu huangaliwa na soja kama mtu mwenye nia mbaya. Mimi nilimwona mmoja akiambiwa asogee, anazuia njia. Ofa za Novemba, za "punguzo la nusu bei" kwenye televisheni ambayo wiki mbili kabla ilikuwa imepandishwa, sizungumzii, kila mtu mjini anazijua.

Nimefika kwa yule niliyesema nitamtaja.

Jioni keshia anafunga tili na kuhesabu. Ikiwa mteja alimpenyezea steki yenye stika ya nyama ya kusaga, na hesabu ya stoo ikaonyesha upungufu, anaulizwa yeye: hukuona? Ikiwa alimwonea huruma mteja wa mafuta akamwachia kwa bei ya lebo, anaulizwa yeye: nani alikuruhusu? Ikiwa maziwa lala yameharibika nyuma ya nepi, anaulizwa kijana wa friji. Mwisho wa mwezi kuna mstari kwenye payslipu unaoitwa upungufu, na mara nyingi hakuna anayeeleza umehesabiwaje. Kamba hukatikia pabovu. Katika mvutano huu wa mteja mjanja na duka janja, hasara husafiri hadi kwa mtu anayesimama kwa muda wa saa nane na kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Hili ningependa wateja wenzangu walisome pia. Ule utetezi wa "supamaketi ni tajiri" unaishia mfukoni mwa dada anayeishi ploti moja na wewe.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kwa kusudi, au kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake umemkabidhi pesa. Inataja kosa lake yeye. Stika iliyohamishwa na mteja kwenye rafu ya nyama, mbele ya kamera zenu na walinzi wenu, si kosa la mtu wa tili. Bei ya jana iliyobaki kwenye lebo si kosa lake. Kuna mameneja wanaolijua hili na wanakata tu, kwa sababu wanajua atanyamaza; nje ya mlango kuna mia wanaosubiri hiyo kazi na bahasha mkononi.

Hata hizo ofa zenyewe, si kila mara ni ukarimu wenu. Waliouza kwenu huombwa washushe bei, watoe pakiti za bure, walipie nafasi nzuri ya rafu, wasubiri malipo. Waliowauzia Nakumatt na Tuskys wanajua kilichobaki mikononi mwao maduka hayo yalipoanguka. Na mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ilitoza mnyororo mmoja mkubwa wa supamaketi hapa nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya wanaomletea bidhaa. Mteja anayevizia bei nafuu hakulibuni hilo, ila ni vizuri ajue kwamba katika ile "okoa shilingi 80" kuna mtu mwingine aliyeitoa.

Ninachoomba ni hiki. Bei ya kwenye rafu iwe ndiyo bei ya kulipa, hata kama ofa iliisha jana, na keshia apewe uwezo wa kuikubali papo hapo bila kengele wala kadi ya supavaiza. Hasara hiyo ibebwe na ofisi iliyobadilisha bei usiku. Mtaona lebo zinavyobanduliwa kwa wakati. Kwenye kila lebo ongezeni bei ya kilo moja au lita moja, hata kwa herufi ndogo, ili anayegawanya kwa simu apumzike. Kikomo cha ofa kiwe kwenye kipeperushi, pamoja na tarehe ya mwisho. Na tangazo la mlangoni liandikwe upya: libakishe stika na nyanya, liondoe mikate na sisi wenye maduka.

Kwenu Mamlaka ya Ushindani, ofisi ya malalamiko mnayo na tunashukuru, lakini mtu aliyezidishiwa shilingi 86 hatapanda matatu kuja kuandikisha malalamiko. Njooni nyinyi. Tumeni mtu asiye na kitambulisho shingoni, anunue bidhaa ishirini Kayole, ishirini Westlands, ishirini Lang'ata, apige picha kila lebo kabla ya kwenda kwenye tili, kisha mtuchapishie matokeo tawi kwa tawi, majina yakiwemo. Fanyeni hivyo siku inayofuata mwisho wa ofa, si siku ya kwanza. Kama hamjui pa kuanzia, anzieni kwenye mafuta ya kula na sabuni ya unga.

Wenu,

Mwenye duka, Umoja
Nairobi